Waliokuja Kupigwa Picha Kabla ya Adhana

Mwezi uliopita nilirudi Bujumbura kumwona mama. Siku hizi anakaa Kinanira kwa mjomba wangu, na usiku tulilala chumba kimoja kama zamani. Binti mdogo wa mjomba aliamka mapema kuliko sote. Akanikuta nimelala mdomo wazi, akaona ni kichekesho, akanipiga picha kwa simu. Chumba kilikuwa giza totoro. Ule mweko mweupe ulipopasua giza, mwili wangu uliruka kabla yangu. Nilipojitambua nilikuwa sakafuni, nyuma ya kitanda, mikono kichwani, na moyo ukinidunda hadi kwenye meno. Mtoto alicheka kidogo, halafu akaificha simu mgongoni. Mama hakuuliza nina nini. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Ni simu, mwanangu. Simu tu."

Yule mtoto aliniuliza asubuhi kwa nini mtu mzima aogope picha. Sikumjibu vizuri. Wewe nitakujibu, maana wewe tumekaa nawe muda mrefu.

Tulikuwa tunakaa Buyenzi, mimi, mama na bibi, mama yake mama. Baba alikuwa mpiga picha, na alipofariki sikuwa nimejua bado kusoma. Alimwachia mama kamera, taa yake ya mweko, na chumba kidogo kisicho na dirisha ambacho sote tulikiita labo. Humo ndimo picha zilimosafishwa, ndani ya masinia ya dawa, chini ya taa nyekundu. Harufu ya ile dawa ilikuwa kali, kama siki iliyochanganyika na chuma, na iliingia hata kwenye nguo zangu za shule. Chumba cha mbele kilikuwa studio. Ukutani lilining'inia pazia kubwa alilolichora baba mwenyewe: nyumba ya ghorofa, maua mekundu, na ndege ikipaa. Watu wa mtaa wetu walipenda sana ile ndege. Siku za sikukuu walipanga foleni hadi barabarani, mabinti wamepaka wanja, wavulana wamevaa viatu vya kuazima, na mama akiwaambia, "Pandisha kidevu. Usicheke na meno yote."

Halafu ikaja ile miaka ya risasi. Sitakueleza siasa, maana mtoto haoni siasa. Mtoto anaona kwamba duka la jirani halikufunguliwa leo, kwamba dawati la rafiki yake liko tupu, kwamba watu wazima wananyamaza akiingia. Jioni ikawa ni kuvrefe, marufuku mtu kuonekana nje mpaka kupambazuke. Usiku tulisikia milio upande wa milimani, na mara nyingine karibu zaidi, na bibi alikuwa akiinama kuzima mbabula, jiko letu la makaa, haraka ili hata makaa yasionekane.

Mchana studio ilikuwa kimya. Nani anapiga picha ya sikukuu wakati kama ule? Lakini watu walianza kuja gizani, kabla ya adhana ya alfajiri. Walikuwa wale wanaoondoka. Baadhi walitaka picha ndogo za kubandika kwenye karatasi za safari. Wengi walitaka picha moja tu ya familia nzima pamoja, kwa sababu hawakujua nani atafika na nani hatafika. Walipita nyuma, kati ya nyua, wakagonga mlango wa jikoni kwa kucha, si kwa ngumi. Hawakutaka majirani wajue, maana kujulikana kwamba unaondoka kulikuwa hatari kuliko kubaki.

Mama hakuwafukuza. Bibi alinung'unika, lakini naye hakuwafukuza. Adhana ikilia, watu wa Buyenzi walitoka kwenda msikitini, na hata wenye silaha waliwaachia njia. Hapo ndipo wageni wetu walipotoka pia, wamechanganyika na wanaoswali.

Kazi yangu ilikuwa kandili. Kwenye giza lile mama hakuweza kuona pa kulenga, na taa kubwa hatukuthubutu kuiwasha. Kwa hiyo nilisimama karibu na uso wa mtu, nikainua kandili, mama akalenga, akaniambia "toka", nikaruka pembeni, na mweko ukawaka. Dirishani tulitundika mablanketi mawili. Ndiyo maana nasema niliwaona watu wa wakati ule kwa karibu kuliko mtoto yeyote. Niliona jasho juu ya midomo alfajiri ya baridi. Niliona baba mtu akishindwa kufunga kifungo cha shati. Na mimi mwenyewe niliogopa kila siku, tangu bibi aliponigusa bega kuniamsha mpaka jua lilipotoka. Nilihisi haja, nikaona aibu kusema. Bibi alikuwa na neno lake moja la kunifundisha: "Wakigonga na ngumi, we si mutoto tena. We ni ukuta."

Alfajiri moja akaja mwalimu wetu wa darasa la nne.

Ungemjua mwalimu yule ungeshangaa kama mimi. Shuleni tulitambua mwendo wake kwa viatu, ko, ko, ko, na darasa zima lilikaa wima kabla hajafika mlangoni. Sasa alikuwa amesimama jikoni kwetu kwa soksi, viatu ameshika mkononi ili visilie, tai imekaa upande. Nyuma yake alisimama mkewe na mtoto mchanga wa kike mgongoni. Nilipoinua kandili karibu na uso wake, macho yake yalinikwepa kama macho ya mwanafunzi aliyesahau somo. Halafu, sijui kwa nini, labda ilikuwa mazoea, aliniuliza, "Devoir umefanya?"

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. Ile kazi ya nyumbani nilikuwa sijaigusa.

"Vizuri, mwanangu."

Hakuwahi kuniita mwanangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kukicha hatakuwepo shuleni.

Mama aliwapanga mbele ya pazia. Mke wa mwalimu alimtoa mtoto mgongoni akamkalisha mapajani, akalamba kidole na kumlaza nyusi. Mama akapiga moja. Akasema, "Mara moja tena, mutoto alifunga macho." Akapiga ya pili. Mwalimu alieleza kwamba lori la wafanyabiashara wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, litawapakia baada ya adhana, kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka, na picha zipewe dereva zikiwa tayari. Mkewe alikuwa ameanza kumfunga tena mtoto mgongoni.

Ndipo mlango wa mbele ukagongwa kwa ngumi.

Sijui kama umewahi kuona chumba kizima cha watu kikiacha kupumua. Mama ndiye wa kwanza kusogea. Alifungua labo, akamsukuma mwalimu ndani kwa kiganja, akamwingiza mkewe na mtoto, akafunga. Viatu vya mwalimu vilibaki sakafuni. Bibi alivikusanya, akavifunika na kapu la unga, akatoka zake uani kwenye mbabula, ambako mafuta ya mandazi aliyokuwa akiyauza kila asubuhi yalikuwa yameshapata moto.

"We mama, fungula!"

Mama alifungua. Waliingia vijana wanne na bunduki mbili. Walinuka pombe na majani mabichi, kama watu waliolala kwenye nyasi. Aliyekuwa mkubwa wao, mrefu mwenye kovu kidevuni, alizungusha tochi ukutani, juu ya ndege ya baba, juu yangu.

"Iyi mwanga ni ya nini? Tuko kule chini, tunaona inawaka inazimika, inawaka inazimika. Munaitana na nani?"

Mablanketi yalifunika dirisha, lakini juu karibu na paa kulikuwa na matundu ya hewa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyafikiria.

"Si kuitana, bwana," mama akasema. "Ni flashi. Mi ni mupiga picha, mutu yeyote hapa Buyenzi ananijua. Ilikuwa inanisumbua, ndiyo ninaijaribu."

"Saa hizi?"

"Mchana kuko na kazi ingine. Na saa hizi mama yangu anapika mandazi, wote tuko macho."

Yule mrefu hakumsikiliza. Tochi yake ilikuwa imefika kwenye mlango wa labo. "Uku ndani kuko nini?"

"Ni labo. Kuko picha za watu ndani ya dawa. Ukifungula na tochi, mwanga itaingia, zote zitaungua. Halafu mi nitawaambia nini wenye picha?"

Akacheka. Akaweka mkono kwenye komeo.

Nilikuwa nimesimama palepale na kandili yangu, ukuta kama nilivyofundishwa, na mkojo ukawa unashuka polepole kwenye mguu wangu, wa moto, bila ya mimi kuweza kuuzuia. Na kutoka ndani ya labo, mtoto wa mwalimu akatoa sauti. Hakikuwa kilio. Kilikuwa kikoromo kidogo cha kuanzia, kile ambacho kila mama anajua kinachofuata.

Uani, mafuta yakalipuka. Bibi alikuwa amenyunyizia maji ndani ya karai, nayo yakalia kwa nguvu hadi vijana wote wakageuka, na bibi akapaza sauti, "Astaghfirullah! Mafuta gani haya? Mbona yananichoma!" Akanyunyizia tena. Yakalia tena. Alipokuja mlangoni, mkono wake ulikuwa umeanza kutoka malengelenge kweli, na uso wake ulikuwa wa bibi mkali kama wa siku zote. "Munakula mandazi ama hamukuli? Mi sitasimama hapa kutwa."

Mdogo kuliko wote, kijana ambaye ndevu hazijaanza, akasema, "Tunakula, nyanya."

Mama aliona kitu pale ambacho mimi nisingekiona. Alishika kamera yake, akaifuta lenzi na pindo la kanga, akauliza kama anayeuliza habari ya kawaida, "Nyinyi wane mushawahi kupigwa picha pamoja?"

Walitazamana. Mkono wa yule mrefu ulikuwa bado kwenye komeo.

"Bure," mama akasema. "Ndivyo nitajua kama flashi imepona."

"Tupigwe, shefu," akasema yule mdogo. "Mi sina picha hata moja."

Basi mkono ukatoka kwenye komeo. Wakajipanga mbele ya ile nyumba ya ghorofa na ile ndege. Wakavuta kola. Mmoja akamtemea mwenzake mate kidoleni, samahani, akajitemea mwenyewe, akampangusa mwenzake tope shavuni. Yule mrefu alitaka bunduki ionekane. Mama akamwambia aishushe kidogo, inamfunika sura, naye akaishusha. Nakuambia alitii kama walivyotii watoto wa sikukuu.

Halafu mama akasema, "Kandili."

Nilitembea na gauni langu lililoloa mpaka mbele yao, nikainua mwanga, uso mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mama alikuwa anahangaika kulenga, na hakuwa anaharakisha hata kidogo. Nilipofika kwa yule mdogo, niliona mdomo wake wa chini unatetemeka. Alikuwa anaubana na meno ya juu, na ukimtoka, unatetemeka tena. Tulitazamana. Sidhani kama alinizidi miaka mingi. Aliona gauni langu, akaondoa macho haraka, kama aliyeona kitu chake mwenyewe.

"Toka," mama akaniambia. Nikaruka. Mweko ukawaka.

Alipiga mara ya pili, vilevile alivyofanya kwa mwalimu. Akawapa mandazi kwenye gazeti. Yule mrefu akasema watakuja kuchukua picha zao, na isije ikawa amewadanganya. Wakatoka. Tulisikia hatua zao zikishuka mtaani, wakitafuna na kucheka, na hapohapo adhana ikaanza.

Mwalimu alitoka labo akitafuta viatu vyake. Mkewe alikuwa amemziba mtoto kwa titi, na blauzi yake ilikuwa imeloa maziwa na machozi. Bibi hakutoa nafasi ya kulia. Alileta kanzu na kofia ya baba, akamvisha mwalimu kama anavyovishwa mgonjwa, akamfunika mkewe kwa kanga zake mbili, mtoto ndani. Yote kwa mkono ule ulioungua. Mwalimu, ambaye tulimwona kila Jumapili akienda kanisani, alitoka nyumbani kwetu kwa kofia ya kiislamu na viatu vyake vya ko, ko, ko. Mlangoni aliniwekea kiganja kichwani. Wakaingia kwenye msafara wa waumini, na giza likawameza.

Asubuhi ileile mama alisafisha filamu. Aliniruhusu nikae naye labo, maana sikutaka kuachwa peke yangu hata kidogo. Chini ya taa nyekundu nilitazama karatasi nyeupe zikielea ndani ya sinia, na nyuso zikaanza kuja: kwanza macho, halafu nywele, halafu kola. Mwalimu na mkewe na mtoto. Halafu wale wanne. Mama alizitundika kwenye kamba moja kwa vibanio vya nguo, zikidondosha maji, familia ile na vijana wale bega kwa bega, na nyuma yao wote ndege ileile ikipaa. Picha ya vijana aliirudia mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa nyeusi mno, ya pili haikumridhisha.

Nilikasirika. Nikamuuliza, "Mama, hao walitaka kutuua. Kwa nini unawatengeneza vizuri hivyo?"

Alikuwa anatingisha sinia taratibu. "We uliwaona karibu kuliko mi. Ni watoto, wale. Wako na mama zao."

Sikuelewa. Nilidhani anasema hivyo kwa sababu ya woga.

Tuliwasubiri alfajiri iliyofuata, na iliyofuata, bahasha ikiwa tayari juu ya meza. Sikulala. Kila mbwa aliyebweka nilijua ni wao. Hawakuja. Dereva wa ndagala ndiye aliyekuja, baada ya juma moja. Alituambia aliwashusha mwalimu na familia yake Uvira, salama, na mtoto alilala njia nzima. Mama alilia siku ile, mara ya kwanza kumwona akilia tangu baba afariki. Dereva aliondoka na picha yao, lakini safari iliyofuata aliirudisha. Hakuwakuta tena. Watu walisema walisonga mbele, na mbele kule ni kukubwa.

Baadaye mambo yalipotulia, mama aliiweka picha ya mwalimu kwenye kioo cha studio, katikati ya maharusi na watoto wa ubatizo, labda apite mtu anayewajua. Jua likaila. Akaitengeneza nyingine, nayo ikaliwa. Mpaka leo hatujui walifika wapi. Yule mtoto mchanga sasa ni mama wa watu, mahali fulani, kama Mungu alipenda.

Na mama aliendelea kupiga picha alfajiri, usidhani aliacha. Aliziba yale matundu ya hewa kwa matambara. Mimi niliendelea kushika kandili na kuogopa.

Kisha, mchana mmoja wa mvua, alikuja mwanamke tusiyemjua, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Alisimama mlangoni bila kuingia, akasema anatokea upande wa Carama, na kwamba mwanawe wa mwisho aliwahi kumwambia amepigwa picha bure na mama mmoja wa Buyenzi, mbele ya ndege. Alikuwa amezunguka studio nyingi. "Mi sina hata moja ya kwake," akasema. "Hata moja."

Mama alikwenda kwenye kabati, akatoa bahasha. Mwanamke aliitazama ile picha, akaweka kidole juu ya yule mdogo, akakaa chini palepale kwenye kizingiti, mvua ikimpiga mgongoni. Bibi alimletea chai. Hakuinywa. Mwisho akainua macho akamuuliza mama, "Siku hiyo, alikuwa anaogopa?"

"Apana," mama akasema. "Alikuwa mwenye furaha. Alikula mandazi."

Mwanamke akageuka kunitazama mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa nimemkodolea macho. Nikatingisha kichwa: apana, hakuogopa.

Studio haipo tena. Pale wanauza makava ya simu, na muziki unapigwa kutwa. Pazia la baba lilioza kwa unyevu, filamu zote zikashikamana kwenye masanduku yake kama kitu kimoja cheusi, na bibi tulimzika zamani, na ule mkono wake wenye baka. Watu wanaondoka Bujumbura siku hizi wakiwa na picha elfu moja mfukoni. Macho ya mama yameingiwa na ukungu, hawezi tena kutambua sura. Kwa hiyo ule mdomo wa yule kijana mdogo uliokuwa unatetemeka, ambao picha haikuuonyesha kwa sababu aliubana vizuri wakati mweko unawaka, hakuna mwingine duniani aliyeuona isipokuwa mimi. Na mama yake, kama yuko hai, anamjua akiwa ametulia, kidevu juu, ndege ikipaa nyuma yake.